Nililipia kurisiti, jina langu halipo kituoni

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Morogoro. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi nikapata Division Four ya pointi 29. Kiswahili nina C. Civics, Jiografia, Kiingereza na Baiolojia nina D. Kemia, Fizikia, Hisabati na Historia nilipata F. Nataka kusoma unesi, na kila chuo nilichouliza wananiambia bila Kemia na Fizikia nisipoteze hela ya fomu, nikarisiti kwanza, yaani nirudie mtihani.

Mwezi wa pili mwaka huu nilijiunga na kituo cha tuisheni karibu na nyumbani. Mwalimu mwenye kituo alisema atanisajili yeye, nimpe 90,000 ya kila kitu. Nikamtumia kwa simu kwenye namba yake. Akanijazisha fomu ya karatasi, nikampa picha mbili na nakala ya matokeo. Kila nikimuuliza anafungua daftari lake, ananionyesha jina langu na alama ya vema pembeni, anasema, "Tayari, subiri namba."

Wiki iliyopita mwenzangu ninayesoma naye alinionyesha fomu yake iliyochapwa kutoka mtandaoni, yeye alijisajili mwenyewe. Mimi sina kitu kama hicho. Nikaenda shule ambayo mwalimu alisema ndiko tutakakofanyia mtihani, karani akapitia orodha mara mbili, jina langu halipo. Niliporudi kwa mwalimu akasema mtandao ulisumbua mwishoni mwa Machi, lakini ana mtu wake Baraza la Mitihani, nikiongeza laki na nusu ananiingiza. Juzi kaja na njia nyingine: kuna dada amesajiliwa masomo hayo hayo, ameolewa na kuhamia Dodoma, hatafanya, eti niingie kwa jina lake.

Hela alitoa mjomba na mpaka leo anajua nimeshasajiliwa. Naomba kujua: mwaka huu bado inawezekana? Huyo mtu wa Baraza nimwamini? Hela yangu naipataje? Na kama mwaka umeenda, nifanye nini?

Aliyekwama, Morogoro


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani bila kuwa wanafunzi wa shule, wa kidato cha nne hufunguliwa tarehe 1 Januari. Ukijisajili hadi 28 Februari unalipa ada ya kawaida, 50,000. Kuanzia 1 hadi 31 Machi unalipa 65,000, yaani ada pamoja na faini ya kuchelewa. Machi ikiisha, dirisha limefungwa mpaka Januari nyingine. Umetuandikia Mei. Kwa hiyo kama kweli hukusajiliwa, mtihani wa Novemba mwaka huu umekupita, na hakuna mkuu wa kituo, afisa elimu wala mwalimu wa tuisheni mwenye kitufe cha kukurudisha ndani.

Tumesema kama kweli, kwa sababu bado hujathibitisha. Karani kupitia orodha bila kukuona ni dalili mbaya, ila orodha aliyoishika huenda ni ya zamani, au ya kituo kimoja wakati mwalimu alikupeleka kingine. Kuna kituo cha tuisheni na kuna kituo cha mtihani, na watu wengi hukwama hapo. Cha kwanza ni darasa tu. Cha pili ni shule au taasisi inayotambuliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kufanyia mtihani, na ina namba yake. Namba za watahiniwa wa shuleni huanza na herufi S, za watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Mwenye tuisheni, hata akiwa mwalimu bora wa mkoa mzima, si mkuu wa kituo cha mtihani.

Basi rudi kwa mwalimu na umuulize maswali matatu tu, tena kwa ujumbe wa simu ili majibu yabaki kwenye maandishi. Nimesajiliwa kituo gani na namba yake ni ipi? Namba rejea yangu, ile inayotolewa na mkuu wa kituo cha mtihani, ni ipi? Namba ya kumbukumbu ya malipo ya ada yangu ni ipi? Ukishapata jina la kituo, nenda ukamwone mkuu wa kituo mwenyewe, asubuhi siku ya kazi, ukiwa na nakala ya matokeo yako ya zamani, umwombe akutafute kwa namba yako ya mtihani ya mwaka juzi. Kutafuta kwa jina pekee kunapoteza watu. Majina yetu matatu huandikwa vingine kila yanapoandikwa, na anayesoma orodha kwa haraka anaruka.

Kati ya maswali hayo, la malipo ndilo litakalotoa ukweli. Ada ya Baraza hailipwi kwenye simu ya mtu. Mfumo hutoa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, ile ambayo watu huiita kontroo namba, nayo hulipiwa benki, kwa wakala au kwenye menyu ya malipo ya serikali ya mtandao wa simu. Kila mwombaji ana namba yake. Kama mwalimu alikulipia, anayo namba hiyo na anao ujumbe wa kuthibitisha malipo. Kama hana, alama ya vema kwenye daftari lake ina maana moja tu, kwamba alipokea hela yako.

Ipo hali nyingine inayotokea sana, na hapo mtu huwa hajatapeliwa na yeyote. Ada imelipwa lakini usajili haukukamilishwa: namba ya malipo ililipiwa, kisha hakuna aliyerudi kwenye mfumo kujaza masomo, kuweka picha na kutuma fomu. Ada kulipwa hakumaanishi mtu amesajiliwa. Mkuu wa kituo akikuta umeishia katikati namna hiyo, mwombe awasiliane na Baraza kwa maandishi akiambatanisha uthibitisho wa malipo. Usiweke matumaini makubwa, ila angalau hapo una kitu cha kuonyesha. Bila malipo yaliyoingia kabla ya 31 Machi huna hata pa kuanzia.

Sasa huyo mtu wa Baraza. Usimpe hata shilingi. Mtu anayedai laki na nusu kwa jambo ambalo mwezi wa tatu lilikuwa la 65,000 anauza hofu yako. Fikiria na namna anavyoweza kukuumiza baadaye: utalipa, utaambiwa usubiri, Novemba utafika mlangoni na kitambulisho, jina halipo kwenye orodha ya ukaguzi, na msimamizi hana uwezo wa kukuongeza. Hapo hutakuwa na wa kumlalamikia, maana nawe ulitoa rushwa. Ikiwa mwalimu atakutajia mtumishi wa umma kwa jina na kiasi anachodai, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Hiyo njia ya dada wa Dodoma ni mbaya kuliko ya kwanza, na tunashangaa mwalimu kuitamka. Kumfanyia mtu mwingine mtihani ni kosa la jinai na ni udanganyifu wa mtihani. Ukikamatwa, unaanza na polisi, matokeo yanafutwa, na yeye aliyekuachia nafasi naye anaingia matatani. Usipokamatwa ni vilevile hujapata kitu, kwa sababu D ya Kemia itatoka kwa jina lake na kwa namba yake, si kwenye cheti chako. Chuo kinapokagua maombi kinaingiza namba za mtihani na kusoma matokeo moja kwa moja. Utawaambia nini?

Kuhusu hela. Kabla hujagombana na mwalimu, tunza ushahidi. Ujumbe wa muamala ulioonyesha jina lake na 90,000 upige picha, kisha omba kwa mtandao wako wa simu taarifa ya miamala ya mwezi huo, maana ujumbe unaweza kufutika au simu ikapotea. Hifadhi na majibizano yote, hasa kama kuna pahali aliandika "tayari". Halafu mwandikie ujumbe mfupi usio na matusi, umtajie kiasi, tarehe, alichoahidi, na siku unayotaka arejeshe. Siku 7 zinatosha. Wengi wa aina hii hulipa hapo, maana wanaishi kwa jina lao mtaani na msimu wa kuandikisha wanafunzi wapya unawajia.

Akigoma, una njia mbili. Polisi, kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu; au Mahakama ya Mwanzo, kwa madai ya kawaida ya kurejeshewa fedha. Kwa kiasi hiki sisi tungeanza na mtendaji wa mtaa kumwita na kumkalisha mbele ya mashahidi, aandike na kusaini kwamba atalipa kwa tarehe fulani. Hati hiyo ndiyo utakayoenda nayo mbele akikiuka. Kama kuna wenzako aliowafanyia hivyohivyo, nendeni pamoja. Dai la watu wanne halipuuzwi kirahisi kama la mmoja. Kisha uwe mkweli kwenye hesabu: sehemu ya ile 90,000 ilikuwa ya masomo na umesoma miezi kadhaa. Ukidai ada ya usajili yote na sehemu ya masomo uiache mezani kwa mazungumzo, utapata hela yako mapema kuliko ukidai yote kwa ukali.

Tukija kwenye mwaka wenyewe, hebu tuhesabu ulichopoteza, maana mtu aliyekwama huona kikubwa kuliko kilivyo. Ungefanya Novemba hii, matokeo yangetoka Januari, ungeomba chuo na kuanza muhula mkuu wa Septemba au Oktoba mwakani. Sasa utajisajili Januari, utafanya Novemba mwakani, na utaingia chuo mwaka unaofuata. Ni mwaka mmoja kamili. Unauma, lakini una miaka 20, na matokeo uliyonayo hayaozi.

Tena wewe hali yako ni nzuri kuliko unavyodhani. Astashahada na stashahada za afya huhitaji ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kwa uuguzi ndani ya hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D ni ufaulu, na D huanzia alama 30. Baiolojia unayo. Kiswahili, Civics, Jiografia na Kiingereza unazo. Kwa hiyo huhitaji kurudia mtihani wote. Unahitaji alama 30 za Kemia na 30 za Fizikia. Cheti chako cha mwaka juzi kinabaki, kipya kitaonyesha masomo uliyofanya mwakani, na wakati wa kuomba chuo utaweka namba zote mbili za mtihani.

Hapo hapo tunakushauri uongeze masomo mawili kwenye hesabu. La kwanza ni Baiolojia yenyewe. D inakufungulia mlango, lakini vyuo vya serikali hupata waombaji wengi kuliko nafasi, na mwenye C au B humpita mwenye D. Ada ya mtihani ni moja, haihesabiwi kwa somo, hivyo kuongeza Baiolojia hakukuongezei ada ya Baraza. Kama ukipata pungufu ya D ya zamani, ile ya zamani ipo palepale. La pili ni Hisabati. Kufaulu Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama sifa ya ziada kwenye kozi za afya, na Kiingereza tayari unacho. Ila Hisabati uiongeze kama tu Fizikia inakwenda vizuri ifikapo Januari. Ukiona bado unababaika kubadili kanuni na kutafuta kisichojulikana, iache. Masomo matatu yanayofaulu ni bora kuliko manne yanayogawana muda wako. Historia isahau, haina kazi huko unakokwenda.

Usajili wa Januari ufanye mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama mtu akijitolea bure. Kazi yenyewe si ngumu. Anza kutafuta kituo cha mtihani mapema, Oktoba au Novemba, wakati shule hazijafunga. Uliza mambo mawili kabla ya yote: je, mnapokea watahiniwa wa kujitegemea wa masomo ya sayansi, na je, maabara ipo? Vituo vingi vinapenda watahiniwa wa sanaa kwa sababu hawana gharama ya kemikali na vifaa. Kuna watu hulipa ada, wakaja kugundua karibu na mtihani kwamba kituo chao hakina hata bureti za kutosha. Uliza pia kituo kinatoza kiasi gani cha kwake juu ya ada ya Baraza, na udai stakabadhi. Gharama hiyo hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, na kwa sayansi huwa juu kwa sababu ya vitendo.

Januari ikifika, siku shule zinapofunguliwa, nenda kwa mkuu wa kituo ukachukue namba rejea. Hiyo hutoka kwake tu, na ndiyo inayokufunga na kituo chake. Ukiwa nayo, ingia kwenye tovuti ya Baraza, necta.go.tz, sehemu ya usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, chagua mtihani wa kidato cha nne, uiingize, na fuata hatua hadi upate namba ya malipo. Lipa kwa simu yako mwenyewe ili ujumbe ubaki kwako. Jaza taarifa zako, masomo, na uweke picha ya pasipoti. Mwisho chapisha fomu, nakala moja ya kituoni, nyingine yako. Kwenye stashonari yenye kompyuta kazi hii huchukua chini ya saa nzima. Kaa pembeni ya kijana anayekuchapia, usimwachie karatasi ukaenda sokoni.

Kuna sehemu nne kwenye fomu hiyo zinazoharibu watu, na zote ni za kusoma kwa kidole.

Jina. Andika kama lilivyo kwenye matokeo ya mwaka juzi, herufi kwa herufi. Kama kule uliandikwa Mwanahamisi na kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamis, usirekebishe kimyakimya, maana vyeti viwili vyenye majina tofauti vitakusumbua chuoni na kazini. Ukiolewa katikati, jina la mume lisubiri.

Namba ya mtihani wa zamani. Wewe unarisiti, kwa hiyo kigezo chako ni namba yako ya kidato cha nne ya mwaka juzi: namba ya shule, namba yako na mwaka. Tarakimu moja ikikosewa, mfumo utakukataa au utaleta matokeo ya mtu mwingine. Na wapo wanaobonyeza endelea bila kusoma jina lililotokea.

Masomo. Hakikisha umechagua Kemia, Fizikia na Baiolojia zenyewe kwa namba zake za somo, si somo jirani kwenye orodha. Kosa hili hugundulika siku ratiba inapobandikwa, na wakati huo ni kuchelewa.

Picha. Iwe ya karibuni, uso wazi. Siku ya mtihani msimamizi anakulinganisha nayo.

Lenga kumaliza yote kabla ya 10 Februari. Matokeo ya kidato cha nne yamekuwa yakitoka mwishoni mwa Januari, na yakitoka tu, maelfu ya waliofeli humiminika kwenye usajili huohuo. Wiki ya mwisho ya Februari na ya mwisho ya Machi ndizo mtandao unapokuwa mzito kweli. Hapo mwalimu wako hakudanganya, isipokuwa mtu aliyepokea hela Februari hakuwa na sababu ya kusubiri Machi iishe.

Kati ya sasa na Januari, usilipe tuisheni ya mwaka mzima. Una takriban miezi 18 hadi mtihani, na hakuna anayebaki na moto kwa miezi 18 ya darasa la jioni. Miezi hii ya kwanza jisomee, kisha darasa ulianze Januari ukiwa unajua unachouliza. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwenye tovuti ya Baraza kuna fomati ya mtihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizo taarifa wanafunzi wengi hawazijui na ni hazina: zinaonyesha swali, watahiniwa walijibuje, walikosea wapi na kwa nini, mpaka picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Soma za Kemia za miaka mitatu ya karibuni na utaona makosa yanajirudia: milinganyo isiyosawazishwa, mole zisizo na vizio, mtu anaulizwa aeleze yeye anaorodhesha. Na mtaala wa sekondari umo katika kubadilishwa, kwa hiyo Januari pakua fomati tena, usitegemee ya kaka yako.

Pepa la vitendo ndilo linalowaua warisiti wa sayansi, na ndilo lenye alama za kuokota kwa urahisi. Mtu aliyefeli Kemia kwa nadharia anaweza kufika 30 akibebwa na vitendo. Kwenye Kemia jifunze taitresheni mpaka mkono uizoee: kusuuza bureti kwa myeyusho utakaoutumia, kusoma usawa wa macho, kuandika usomaji kwa desimali mbili, kurudia mpaka matokeo yakaribiane, kisha hesabu. Halafu uchambuzi wa chumvi, hatua, kilichoonekana na hitimisho kwa mpangilio wa jedwali. Kwenye Fizikia, pendulamu, saketi rahisi za umeme na vioo, pamoja na kuchora grafu yenye kichwa, skeli na vizio, na kutafuta mteremko kwa pointi zilizo mbali. Haya hayasomeki kitandani. Tafuta shule yenye maabara ambako mwalimu au fundi maabara huwafundisha watahiniwa wa nje wakati wa likizo kwa malipo ya kila kipindi, upewe stakabadhi. Vipindi 8 hadi 10 vya Kemia vilivyofanywa kwa mikono yako vina faida kuliko mwezi wa kuangalia video.

Kama nyumbani hawataki kukuona umekaa, kwa ufaulu wako wa sasa unaweza kuomba kozi ya cheti isiyo ya afya, kwa sababu masomo manne yenye D unayo. Maoni yetu ni kwamba usifanye hivyo kwa kujificha tu. Ada ya chuo cha mwaka mmoja ni kubwa kuliko gharama yote ya kurisiti, na ukishaanza huko, Fizikia utaisoma lini? Kazi ndogo ya siku nne kwa wiki, duka la dawa la jirani au la vifaa vya shule, inakuachia muda na inakupa hela ya maabara.

Kwa wasomaji wengine wenye jambo kama hili lakini ambao hawakuwahi kufanya upimaji wa kidato cha pili, au waliufeli: ninyi hamuwezi kuruka moja kwa moja kwenye kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mnaanza na mtihani wa maarifa, QT, unaosajiliwa katika tarehe zilezile kwa 30,000, au 40,000 mkichelewa, na mkifaulu ndipo mnajisajili kidato cha nne mwaka unaofuata. Atakayekuambia utafanya vyote viwili Novemba moja, mkimbie. Wasichana walioacha shule kwa mimba au sababu nyingine waulizie Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya mkoa wao kabla ya kulipa mtu binafsi, maana ina programu ya elimu mbadala ya sekondari kwa ajili yao.

Limebaki la mjomba. Mwambie wiki hii, na umwambie wewe, kabla hajalisikia kwa mtu aliyekuona ukibishana na mwalimu. Usiende mikono mitupu. Nenda na ujumbe wa muamala, na jibu la mkuu wa kituo, na karatasi moja yenye hesabu ya mwakani: 50,000 ya Baraza, gharama ya kituo uliyoiulizia kwa mdomo wako, na vipindi vya maabara. Mwombe asikupe hela sasa, akuahidi ya Januari, na siku ya kulipa aje mkae naye stashonari. Na kama mwalimu anamjua mjomba, huenda ile 90,000 ikarudi kabla ya siku 7 kwisha. Ikirudi, iweke kwenye laini ya mjomba, isiguswe hadi mkuu wa kituo akupe namba rejea.